Silinda ya mashine ya mtumbwi imelika: uichonge au ununue bloku nyingine?

Mashine ikianza kuwa ngumu kuwaka alfajiri, kamba ikawa nyepesi mkononi unapoivuta, na mtumbwi wenye mzigo ukawa unajikokota ambapo zamani uliinuka, karibu kila mtu pale mwaloni atakupa jibu moja: silinda imeisha. Mabishano yanaanza baada ya hapo. Mmoja anasema ipeleke kwa mkerezaji, aichonge, utie pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko ya kiwandani, kazi imekwisha. Mwingine anaapa kwamba mashine iliyochongwa haina maisha, afadhali uuze nyavu upate bloku mpya, yaani kile kipande kizima chenye silinda. Wote wawili wana ushahidi, maana kila mmoja ameona mashine fulani iliyofanyiwa hivyo ikapona na nyingine ikafa.

Nitasema msimamo wangu mapema ili usisome kwa kunivizia. Kwa mashine za tu-stroki, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, zinazosukuma mitumbwi yetu ya Ziwa Victoria, za nguvu farasi 8, 15 na 40, kuanzia Kirumba, Igombe na Kayenze mpaka Ukerewe na Kome, kuchonga ndiko kwa kufikiriwa kwanza, mradi bloku ni nzima na kilichoiua silinda kimeshajulikana. Kununua bloku nyingine kuna siku yake, na nitaitaja. Kwa bodaboda hesabu inageuka kabisa, nayo nitaigusa.

Pima kabla ya kubishana

Silinda haipimwi kwa ukucha. Ukucha utakuonyesha mikwaruzo, lakini mikwaruzo mingine inatisha bure, na silinda nyingine inayong'aa vizuri imekwisha zamani. Kinachotakiwa ni geji ya kupimia ndani ya silinda, maikromita ya kupimia pistoni, na mtu anayejua kuzisoma. Vania ya kawaida haitoshi, kwa sababu hapa tunagombania sehemu za mia za milimita.

Vipimo huchukuliwa sehemu tatu: juu karibu na pale ringi ya kwanza inapogeukia, katikati, na chini. Kila sehemu hupimwa mara mbili, kwa kufuata urefu wa krenki na kwa kuukata. Namba hizo sita zinakuambia silinda imepanuka juu kuliko chini kwa kiasi gani, na imeacha duara ikawa yai kwa kiasi gani. Kwenye Yamaha Enduro ya 15, ambayo ndiyo wengi wanayo, silinda mpya ina kipenyo cha milimita 56. Ukomo unaotumika kwa mashine za namna hii ni milimita 0.08 kwa tofauti ya juu na chini, na 0.05 kwa kuacha duara. Ukiwa chini ya hapo, huna haja ya kuchonga wala kununua: hoini silinda (yaani isugue kidogo kwa mawe), weka ringi mpya, rudi ziwani. Ukishavuka hapo, ringi mpya peke yake ni pesa iliyotupwa, kwa sababu ringi ya duara haiwezi kuziba shimo lisilo la duara.

Kuna hali moja inayowaponza watu sana. Mashine imenoki, yaani pistoni imenasa ndani ya silinda, imefunguliwa, na ndani ya silinda kuna michirizi mipana ya rangi ya fedha. Tajiri, mwenye mashine, anaiona na kuanza kutafuta mnunuzi wa nyavu. Mara nyingi michirizi ile si jeraha la silinda. Pistoni ni ya aluminiamu na ukuta wa silinda ni chuma, kwa hiyo pistoni ikipata moto kupita kiasi inayeyuka kidogo na kupaka ukuta. Aluminiamu ile inaweza kuondolewa: fundi hupaka asidi ya chumvi kidogo kwa kipande cha kitambaa, juu ya michirizi tu, inachemka na kutoa povu, kisha anafuta, anaosha kwa maji mengi na kupitisha msasa laini. Asidi hiyo hiyo hula aluminiamu ya bloku, kwa hiyo haimwagwi ovyo, na kazi hii hufanywa nje penye hewa, kwa glavu na miwani. Baada ya hapo ndipo geji iingie. Silinda nyingi zilizohukumiwa kifo kwa macho zimekutwa bado ziko ndani ya kipimo.

Nini kiliiua?

Swali hili lina uzito kuliko bei. Ukichonga bila kulijibu, mashine itanoki tena. Ukinunua bloku mpya bila kulijibu, utanoki bloku mpya.

Pistoni ndiyo shahidi. Ikiwa imekwaruzwa upande wa kutolea moshi peke yake, fikiria joto au mchanganyiko wenye mafuta machache: maji ya kupoozea hayakufika, oili ilipunjwa, au kabureta ilikuwa na uchafu mashine ikawa inapata petroli pungufu. Ikiwa imekwaruzwa pembe nne kwa namna inayofanana, mashine ililazimishwa kabla haijapata joto: pistoni ilivimba haraka kuliko silinda. Hili linatokea sana kwa wanaovuta kamba na palepale kufungua gesi yote ili wawahi samaki sokoni. Ikiwa haina mikwaruzo ya maana, imelika tu sawasawa na kuwa na rangi ya kijivu, basi ni umri, na hiyo ndiyo silinda nzuri kuliko zote kuchonga.

Kwa ziwa letu, mshukiwa wa kwanza ni maji. Magugu maji yakijaa ghuba, majani na mizizi yake huziba matundu ya kuvutia maji kwenye mguu wa mashine. Karibu na ufukwe mashine hunyonya mchanga na tope, na mchanga hula mabawa ya impela ya pampu. Impela ni kipande cha mpira cha bei ndogo kuliko karibu kila kitu kilichomo ndani ya mashine hiyo, lakini ndicho kinachoua silinda. Ukiona kile kijito cha maji kinachotoka nyuma kimekuwa chembamba au kimekata, zima. Usiseme utafika tu, mwalo unauona.

Mshukiwa wa pili ni oili. Oili ya 2T ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo, na mashine ya mtumbwi inapozwa na maji. Yake ni ile iliyoandikwa TC-W3. Wa tatu ni petroli iliyokaa kwenye dumu lililoingia maji. Wa nne hufichika: sili za krenki, zile za mpira zinazozuia hewa kuingia. Zikichoka, mashine ya tu-stroki huvuta hewa ya pembeni, mchanganyiko unakosa petroli na mafuta, silinda inaungua, na hakuna kinachoonekana kwa nje. Fundi anayechonga silinda na kurudisha sili za zamani amekufanyia nusu ya kazi.

Kuchonga maana yake nini hasa

Ndani ya bloku ya aluminiamu kuna mkono wa chuma, ambao ndio ukuta ambao ringi zinatembelea. Mkerezaji anaufungua kidogo mpaka alama zote ziishe na shimo lirudi kuwa duara, kisha pistoni kubwa zaidi inaingia. Ovasaizi zinazopatikana kwa kawaida ni milimita 0.25 na 0.50. Kwa ile ya 15, silinda ya milimita 56 inakuwa 56.25, na mara ya pili 56.50. Una nafasi mbili, na ukirukia 0.50 moja kwa moja kwa sababu jeraha lina kina kirefu, umetumia zote mara moja.

Watu huuliza kama mashine iliyochongwa inakuwa na nguvu zaidi. Hesabu iko wazi: Enduro ya 15 ina silinda mbili zenye ujazo wa jumla wa sentimita za ujazo 246. Kwa 0.25 unapata kama 248.5, kwa 0.50 kama 250.7. Hiyo ni chini ya asilimia mbili hata ukifika mwisho. Nguvu unayoisikia baada ya kuchonga ni kompresheni yako ya zamani iliyorudi nyumbani.

Ubora wa kazi uko kwenye mambo ambayo mteja haoni. La kwanza ni mpangilio, na hapa nimesikia mazungumzo haya kwa namna nyingi:

"Fundi, nichongee leo hii hii, keshokutwa giza la mwezi linaanza."

"Sawa, mzee wangu. Pistoni umekuja nazo?"

"Wewe chonga kwanza, pistoni nitaagiza mjini."

"Basi tusubiri, mzee. Nitachonga kufuata nini?"

Fundi huyo ana haki. Pistoni hununuliwa kwanza, inapimwa kwa maikromita, halafu silinda inachongwa kuifuata ile pistoni. Nafasi kati ya pistoni na ukuta kwenye mashine ndogo hizi ni sehemu chache za mia za milimita. Ikibana, itanoki siku ya kwanza. Ikilegea, itagonga kama kengele na kula ringi. Pistoni mbili zilizoandikwa 025, hasa zikitoka kwa watengenezaji tofauti, si lazima zilingane sawasawa, kwa hiyo kuchonga kwa kufuata namba ya kwenye boksi ni kubahatisha.

La pili ni matundu. Silinda ya tu-stroki ina matundu ukutani, ya kuingiza mchanganyiko na ya kutoa moshi. Baada ya kuchonga, kingo zake zinabaki kali kama wembe, na ringi ikipita inanasa na kukatika. Kingo zote lazima zilainishwe kwa mkono. Mkerezaji aliyezoea injini za magari ya foo-stroki anaweza asikumbuke hili, maana silinda za magari hazina matundu. Muulize kabla hujamwachia bloku. Asipoelewa unachosema, chukua bloku yako.

La tatu ni kuhoni na kuosha. Hoini huacha mistari inayokatana, ambayo ndiyo inashikilia mafuta ukutani. Lakini pia huacha unga wa mawe na chuma, na petroli haiutoi, inausambaza. Huoshwa kwa maji ya moto, sabuni na brashi, mpaka kitambaa cheupe kikipitishwa kitoke cheupe, kisha hupakwa oili mara moja kabla kutu haijaanza.

Je, mtu anaweza kuchonga silinda moja na kuacha nyingine? Inawezekana kiufundi, na wapo wanaofanya. Mimi nachonga zote mbili. Silinda mbili zinakunywa petroli ileile na oili ileile, na moja ikiwa imelika nyingine haiko mbali. Kufungua mashine mara ya pili baada ya msimu mmoja kunakula kile ulichookoa.

Kununua: kuna bloku na bloku

Neno "kubadilisha" linaficha mambo matatu yasiyofanana.

Bloku mpya ya mtengenezaji ndiyo safi kuliko zote. Unarudi kwenye kipimo cha kiwandani, una nafasi zote mbili za kuchonga mbele yako, na njia za maji ziko wazi. Tatizo ni bei, na tatizo jingine ni kwamba bloku si mwisho wa manunuzi: utaongeza pistoni, ringi, gasketi zote na sili. Kama krenki ya zamani ina beringi zilizochoka, umeweka mgonjwa kwenye nyumba mpya. Kabla ya kuuliza bei ya bloku, shika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, uivute juu na chini. Ikicheza wima, hesabu imebadilika, na huenda kichwa kizima cha mashine, yaani bloku, krenki, pistoni na vilivyomo, kikawa na maana kuliko kuunganisha vipande.

Bloku za kuiga za bei nafuu zipo nyingi. Siwezi kuzihukumu zote pamoja. Nyingine zinafanya kazi, nyingine matundu yake ukutani yameachwa na kingo mbaya tangu kiwandani. Ukinunua, itendee kama bloku iliyotoka kuchongwa: ipime, lainisha matundu, ioshe. Kuipachika moja kwa moja kutoka kwenye boksi ni kumwamini mtu usiyemjua.

Halafu kuna mtumba, na hapa ndipo nina maneno mengi. Kichwa cha mashine kilichotumika kinavutia: kinaonekana kizima, bei iko katikati, unafunga leo na usiku unaingia kazini. Angalia kilikotoka. Ziwa letu ni maji baridi. Mashine iliyozeeka Mwanza, hata ikiwa imechoka ndani, njia zake za maji kwa kawaida hazijaliwa na chumvi. Kichwa kilichotoka pwani, Dar es Salaam, Tanga au Unguja, kimepitisha maji ya bahari, na kama hakikuwa kinasuuzwa, chumvi imekula aluminiamu kutoka ndani na kuziba njia. Nje kimepakwa rangi nzuri. Fungua silinda hedi utazame njia za maji zinazozunguka silinda. Ukiona magamba meupe na kuta zilizolika, kirudishe. Bloku yako iliyochoka ya maji baridi ikichongwa itaishi kuliko hiyo.

Angalia pia kama nusu mbili za bloku ni za asili moja. Bloku na mfuniko wa nyumba ya krenki huchongwa pamoja kiwandani, vikiwa vimefungwa. Ukichukua nusu ya mashine hii na nusu ya ile, nyumba ya krenki haitakaa kwenye mstari, na hakuna fundi wa mwaloni atakayeirekebisha. Wauza vipande hawapendi swali hili.

Jambo la mwisho la mtumba si la ufundi. Wizi wa mashine ziwani ni jambo linalojulikana; wavuvi wamevamiwa usiku na kunyang'anywa mashine wakiwa kazini. Mashine iliyoibwa mara nyingi huuzwa vipande vipande. Taka risiti, taka namba ya mashine, na kama muuzaji anakunja uso, kunja pesa yako urudi nayo. Bei nzuri ya kichwa cha wizi inaishia kituo cha polisi, ukiwa wewe ndiye unayeulizwa maswali.

Ukiviweka pamoja

Kwa gharama, kuchonga na pistoni mbili huwa chini sana ya bloku mpya, lakini linganisha jumla na jumla. Watu hulinganisha bei ya mkerezaji peke yake na bei ya bloku peke yake, halafu wanashangaa. Upande wa kuchonga weka: pistoni, ringi, pini na klipu zake, gasketi, sili, ujira wa mkerezaji, ujira wa fundi, na nauli ya bloku kama unatoka kisiwani. Upande wa bloku mpya vingi vya hivyo vinabaki vilevile. Kinachoondoka ni ujira wa mkerezaji tu, na kinachoingia ni bloku. Ukiandika hivyo kwenye karatasi, unaona tofauti halisi ni ipi.

Kwa muda, mtumba unashinda, bloku mpya iliyopo dukani inafuata, kuchonga kunachelewa. Ila kwa wavuvi wa dagaa kuna ujanja ambao kalenda yenyewe inaugawa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi inapumzika. Silinda ipelekwe mwezi unapokaribia kupevuka, pistoni ziwe tayari zimenunuliwa, na giza likirudi mashine iko kwenye kazi ya kuzoea. Mvuvi wa sangara hana mapumziko ya namna hiyo, na kwake siku za kusubiri zina bei. Hata hivyo sijaona siku chache za kusubiri zikizidi bei ya bloku.

Kwa maisha, silinda iliyochongwa vizuri haina sababu ya kuishi muda mfupi kuliko mpya. Mkono wa chuma ni uleule. Sifa mbaya ya mashine zilizochongwa inatokana na mambo matatu niliyokwisha kueleza: kuchonga kwa kukisia, matundu yasiyolainishwa, na sababu ya kunoki iliyoachwa ndani. Bloku mpya ina faida moja ambayo haibishaniwi, nayo ni mustakabali: ukinoki tena, bado una 0.25 na 0.50. Aliyeko kwenye 0.50 akinoki tena, mlango umefungwa.

Mlango huo wakati mwingine hufunguliwa kwa slivu: mkono wa zamani unatolewa, mpya unaingizwa bloku ikiwa imepashwa moto. Kwenye injini za malori ni kazi ya kawaida. Kwenye tu-stroki ni ngumu, kwa sababu slivu lazima iwe na matundu yaliyokaa sawasawa na njia za kwenye bloku, na ikiwa haikushikana vizuri na aluminiamu, joto halipiti na pistoni inanoki tena. Ningeikubali kwa mkerezaji aliyewahi kuifanya kwenye mashine ya aina yangu na mashine hiyo nikaiona ikifanya kazi. Vinginevyo hapana.

Lini ununue bila kujiuliza

Bloku ikiwa na ufa, hata mwembamba, kati ya silinda na njia ya maji. Konrodi ikiwa imekatika na kutoboa ukuta. Jeraha likiwa na kina kirefu kiasi kwamba 0.50 hailiondoi, na fundi anajua hivyo kabla ya kuanza. Silinda ikiwa tayari iko 0.50. Na pale krenki nayo imekwisha: hapo weka jumla ya kuchonga na krenki upande mmoja, kichwa kizima kipya upande wa pili, uone kama pengo bado linastahili.

Nitaongeza hali moja ambayo si ya vipimo. Kama mashine yako inabeba abiria kati ya mwalo na kisiwa, kigezo chako si sawa na cha mvuvi anayeenda kilomita chache na wenzake wawili. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na dhoruba za hapa haziombi ruhusa. Kwa abiria sikatazi kuchonga, nakataza kuchonga kwa mashaka: kama bloku ina historia usiyoijua, au mkerezaji huna imani naye, nunua mpya au iondoe mashine hiyo kwenye kazi ya watu. Na uwe na mashine ya akiba, lakini hilo ni la siku zote.

Na bodaboda?

Kwa pikipiki nyingi za kazi zinazozunguka Mwanza, jibu langu ni kubadilisha. Silinda ya pikipiki ni kipande kinachosimama peke yake juu ya nyumba ya krenki, inatoka kwa nati chache, na madukani huuzwa kama seti pamoja na pistoni, ringi, pini na gasketi. Bei yake haiko mbali sana na kuchonga ukijumlisha pistoni. Mashine ya mtumbwi haiko hivyo: silinda zake mbili na nusu ya nyumba ya krenki ni kipande kimoja cha kumiminwa, kwa hiyo silinda ikilika unanunua nusu ya mashine. Tofauti hiyo ya umbo ndiyo inayofanya ushauri wa dereva wa bodaboda usimfae mvuvi, hata kama wote wanamtumia fundi mmoja. Kama unabadilisha seti ya pikipiki, badilisha na kichujio cha hewa, maana vumbi la barabara ndilo lililokula ile ya kwanza.

Saa kumi za kwanza

Umechonga au umenunua, silinda na ringi bado hazijajuana. Kwa mashine za tu-stroki za aina hii, kipindi cha kuzoea ni saa kumi za kazi, na mafuta huchanganywa maradufu: kama kawaida yako ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, sasa ni lita 1 kwa 25. Kwa dumu la lita 20, mililita 400 zinakuwa 800. Itatoa moshi, na watu watakucheka mwaloni. Waache.

Dakika kumi za mwanzo iache iende polepole kabisa, usiizidishie gesi. Mpaka saa ya kwanza itimie, usivuke nusu ya gesi. Saa ya pili unaweza kuifungua mtumbwi uinuke, kisha rudisha mpaka robo tatu. Saa nane zinazobaki fanya kazi kawaida, ila usiishike gesi yote kwa zaidi ya dakika tano mfululizo. Hii ina maana usiku wa kwanza usiende mbali, wala usibebe wenzako wa kambi nzima, na usikubali kuvuta mtumbwi wa jirani aliyeishiwa petroli.

Saa kumi zikiisha, zima, iache ipoe, kaza nati za silinda hedi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, kisha pima kompresheni ya silinda zote mbili kwa geji. Namba zenyewe zinategemea mashine na geji. Unachotafuta ni kwamba zisipishane zaidi ya asilimia kumi. Ziandike ndani ya kifuniko cha mashine kwa kalamu isiyofutika, pamoja na tarehe na saizi ya pistoni iliyomo, 025 au 050. Fundi atakayeifungua baada ya miaka miwili huenda asiwe yule yule, na bila maandishi hayo ataanza kwa kukisia.